Roboti Sita za Haji wa Vigae

Manizhe Kashigar alikuwa na dharau za kila aina, lakini dharau yake kubwa aliiwekea taarofu, ile adabu yetu Wairani ya kumpa mtu usichotaka kutoa na kukataa unachokitaka. Aliichukia tangu utotoni. Baba yake alikuwa na duka la vitamu nyuma ya soko kuu la Yazd, na kila mteja aliyeuliza bei ya kotabu, vile vitumbua vya lozi, aliambiwa, "Si kitu mbele yako, chukua tu." Mteja naye alisema haiwezekani. Baba akaapa, mteja akaapa zaidi, foleni nyuma yao ikarefuka hadi nje kwenye jua. Wote walijua kwamba mwishowe pesa zitatoka mfukoni, ila hakuna aliyethubutu kuzitoa kabla ngoma hiyo haijachezwa hadi mwisho. Manizhe, akiwa amekaa juu ya gunia la sukari na kitabu cha hesabu mapajani, aliwatazama watu wazima hao akaona wamepungukiwa akili.

"Baba, kwa nini usiwatajie bei tu?" aliuliza siku moja.

"Nikitaja bei mara moja wataniona mchoyo."

"Si uwape bure basi?"

"Nikiwapa bure tutalala njaa."

"Kwa hiyo unawadanganya."

Baba alimtia kotabu mdomoni apate kunyamaza. Hiyo ndiyo hoja pekee iliyowahi kumnyamazisha.

Alikua hivyo hivyo, mdomo wake wembe. Waliokuja kumposa walikaribishwa sebuleni kwa chai na matunda, na mama yake, kama adabu inavyotaka, akawaambia wageni kwamba binti yake ni kijakazi wao. Manizhe aliingia na sinia ya chai akasema yeye si kijakazi wa mtu, na sukari ipo mezani kwa anayetaka kujitilia. Mama wa mposaji alikunywa chai yake bila sukari na wakaenda zao. Wa pili walisikia habari za wa kwanza, hawakufika. Mama yake alilia siku nzima, Manizhe akarudi chuoni kwenye nyaya zake. Alisema heri awe peke yake kuliko kuishi na watu ambao hapana yao ni ndiyo na ndiyo yao ni pengine.

Maabara yake ilikuwa ghorofa ya chini kabisa katika kitivo cha uhandisi, kwenye chuo kimoja nje ya mji. Humo mlikuwa na meza pana yenye kuta za mbao pembeni kama sinia kubwa, na juu yake roboti sita. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, magurudumu mawili, na duara la macho madogo lililoizunguka kama mkanda. Ziliundwa Ulaya kwa ajili ya watafiti wa vyuo vikuu. Kwa sababu ya vikwazo tulivyowekewa hakuna aliyekubali kutuuzia moja kwa moja, kwa hiyo ziliingia moja moja kupitia Dubai ndani ya mabegi ya shangazi za watu, zimeviringishwa katika nguo za ndani ili ofisa wa forodha aone haya kuzigusa. Ikipotea moja, hakuna ya kuiziba nafasi yake.

Utafiti wake ulikuwa huu: katikati ya meza palikuwa na ukuta wenye mlango mmoja mwembamba, na roboti zilitakiwa kupishana mlangoni hapo bila kugongana, bila kukwama, na bila kuwa na mkubwa wa kuziamuru. Iliyofika kwanza ilipita. Zikifika pamoja, ziliangaliana kwa macho yao ya taa, moja ikapita, nyingine ikangoja zamu yake. Hapakuwa na kuapiana. Manizhe alizipenda kwa hilo, na kwa kuwa mtu hawezi kupenda kitu bila kukitafutia namna ya kuwadharau wengine, alizipa majina ya walimu wa idara. Ile iliyorudi nyuma bila sababu iliitwa Mkuu wa Idara. Ile iliyozunguka palepale mpaka chaji inaisha iliitwa jina la msimamizi wake, Profesa Homayun Foruhari.

Profesa huyo alikuwa mtu wa manukato mengi na suti nyepesi za rangi ya maziwa. Jina lake lilitangulia katika kila makala iliyoandikwa maabarani, hata zile ambazo hakuzisoma. Roboti aliziita "watoto wangu", na aliwahi kuzishika mara mbili tu, zote mbili kwa ajili ya kupigwa picha. Mbele ya wakubwa alinyenyekea mpaka mtu akajiuliza kama mgongo wake una mfupa, na mbele ya wanafunzi mfupa ulirudi mahali pake.

Manizhe alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na udaktari wake ulikuwa umekawia mno. Mwaka mmoja roboti zilikwama forodhani, mwaka mwingine baba alifariki, kisha Profesa akasahau kusaini kitu fulani, kisha akasahau tena. Sasa aliongezewa muhula mmoja wa mwisho. Muhula huo ukipita bila mtihani, jina lake lingefutwa, na miaka yote ile ingekuwa imekwenda na maji. Mtahini wa kutoka Tehran alikuwa mwanamke mkali aliyewahi kuletewa filamu za kughushi na watu wa vyuo vingine. Aliandika waziwazi kwamba hataki picha wala filamu. Ama aone roboti zinatembea mbele ya macho yake, ama hakuna mtihani.

Wiki tatu kabla ya siku ya mtihani, alikuja Haji Nematollah.

Haji alikuwa na kiwanda cha vigae katika njia ya Ardakan. Nusu ya misikiti ya mkoa imevaa vigae vyake, na mabafu ya wengine wetu pia. Profesa alitaka afadhili maabara mpya, tena yenye jina la Foruhari mlangoni, kwa hiyo alimwalika aje kutembea. Haji alikuja na dereva wake. Mkuu wa kitivo alikuja kwa sababu Haji amekuja, na wanafunzi walijazwa humo ndani ili pasionekane patupu. Manizhe aliwasha roboti akaziachia mezani.

Haji aliinama juu ya meza, mikono nyuma, uso umemfunguka kama mtoto. Roboti zilikwenda na kurudi mlangoni, zikipeana nafasi.

"Mashallah," alisema. "Tazama zinavyopishana. Madereva wa Yazd wangeletwa hapa wajifunze. Nzuri kweli, Profesa. Vitu safi."

Kwa watu wa kawaida maneno hayo yangetosha kwa asante. Lakini mtu wetu akisikia chake kimesifiwa, ulimi wake hutoka mbio kabla akili haijavaa viatu.

"Si kitu mbele yako, Haji," Profesa alisema. "Ni zako."

"Astaghfirullah. Zikae na mwenyewe."

"Naapa, ni zako."

"Profesa, unaniaibisha. Hivi ni vyombo vya kazi."

"Kazi gani, Haji? Kazi yetu sisi ni kukufurahisha wewe."

Manizhe alikuwa amesimama pembeni na waya mkononi, hajali. Alizijua hatua za ngoma hiyo zote. Haji amekwisha kataa mara mbili, sasa atakataa ya tatu, ataweka mkono kifuani, na wote watakwenda kunywa chai. Haji kweli alikataa mara ya tatu na mkono akauweka kifuani. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu huacha. Profesa, ambaye tayari alikuwa akiliona jina lake mlangoni, hakuacha.

"Kwa roho ya marehemu baba yangu," alisema, "usipozichukua nitajua umenidharau." Akaiokota roboti moja ikiwa bado inazungusha magurudumu hewani, akamtia Haji mikononi.

Haji alitazama huku na huku. Mkuu wa kitivo alikuwa akitabasamu, dereva alikuwa akingoja, na wanafunzi wote walikuwa wakimtazama. Marehemu wa watu alikwisha tajwa. Kukataa tena ingekuwa kumtukana mzee aliye kaburini.

"Basi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa ukutani. "Kwa heshima yako."

Dereva alikwenda garini akarudi na boksi tupu la vigae. Zilitiwa zote sita, na kichaji chake. Tabasamu la Profesa lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani, na alimsindikiza Haji hadi garini akimshukuru kwa kupokea.

Manizhe alimngojea ofisini mwake, amesimama.

"Zirudishe."

"Nizirudishe vipi?"

"Piga simu. Mwambie ilikuwa taarofu."

"Binti, unataka nimpigie mtu mwenye mvi nimwambie nilikuwa namdanganya?"

"Si ulikuwa unamdanganya?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Niheshimu na mimi kidogo basi. Mtihani wangu uko wiki tatu mbele, na huyo mama wa Tehran anataka kuziona zikitembea. Nimwoneshe nini, meza?"

"Tutaomba muda."

"Muda umekwisha. Muhula huu ukipita nafutwa. Barua umeisaini wewe."

Profesa alivuta kiti akakaa, akapangusa jasho. "Mungu ni mkubwa," alisema.

"Mungu hakumpa mtu roboti zangu."

Baada ya siku mbili za kusumbuliwa, Profesa alikubali kupiga simu, na aliipiga mbele ya Manizhe ili aonekane amejitahidi. Alimuuliza Haji hali. Aliuliza hali ya mkewe, goti la mkewe, tanuri jipya la kiwanda, na mkwe aliyehamia Shiraz. Kisha akasema, taratibu kama mtu anayegusa chungu cha moto, "Na wale watoto wetu hawajambo?" Haji alijibu kwamba wako salama, wamewekwa mahali pa heshima. "Alhamdulillahi," Profesa alisema. "Nilitaka kusikia sauti yako tu." Alimaliza kwa kumwalika chakula cha jioni.

Aliweka simu chini. "Umesikia? Nimemdokezea."

"Umemwalika kula."

"Haji ni mtu mwerevu. Ataelewa."

Haji hakuelewa. Wiki moja ikapita, na nusu ya nyingine. Manizhe alikuwa akifika maabarani kila asubuhi, anaitazama meza tupu, anairudia programu ambayo haikuwa na tatizo lolote, na usiku hapati usingizi. Hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoogopa sasa kufutwa jina. Hakuwa na mume, hakuwa na mali, na mdomo wake ulikwisha mfungia milango mingi. Udaktari ndio uliobaki. Mwishowe alimwambia mama yake anakwenda kwa Haji mwenyewe.

"Utasema nini?" mama aliuliza.

"Nitasema nazitaka."

"Yallah. Hivyo hivyo?"

"Kuna namna nyingine ya kusema?"

"Zipo nyingi sana, wewe tu hukutaka kujifunza hata moja. Chukua basi boksi la baklava, usiende mikono mitupu kama mdai."

Alilichukua boksi, shingo upande, akaendesha gari bovu la kaka yake hadi kiwandani.

Ukumbi wa maonyesho wa Haji ulikuwa na vigae kuanzia sakafuni hadi darini, samawati juu ya samawati, mtu akajiona kama yuko ndani ya birika. Katikati palikuwa na kabati la kioo lenye taa. Ndani yake, kati ya chombo cha maua na picha ya Haji akiwa amevaa ihramu, zilipangwa roboti sita. Chini yake palikuwa na kibao kidogo: Zawadi ya Profesa Foruhari. Binti wa mapokezi alikuwa akizipangusa vumbi kwa kitambaa, moja moja, kama vikombe vya kahawa.

Haji alimpokea vizuri. Chai ililetwa, baklava ilisifiwa, marehemu baba yake Manizhe aliombewa rehema, maana Haji alikuwa mteja wa duka lile zamani. Manizhe aliweka kikombe chini kabla hajanywa.

"Haji, mimi sijui kuzunguka. Profesa hakumaanisha."

"Hakumaanisha nini?"

"Alipokuambia uzichukue. Ilikuwa taarofu. Alitegemea utakataa."

"Nilikataa, binti yangu. Mara tatu nilikataa. Mtu kaapa kwa roho ya marehemu baba yake, ningefanyaje?"

"Baba yake yuko Taft, Haji. Ana shamba la makomamanga. Wiki iliyopita ametuletea gunia zima."

Haji aliitia sukari chai yake, akaikoroga, akasahau kuinywa.

"Mtu kanipa mashine sita kutoka Ulaya," alisema baadaye. "Ningekaa nimekunja mikono? Nikampelekea vigae."

"Chuoni?"

"Nyumbani kwake. Hivi vya rangi ya feruzi, vya juu kabisa. Alikataa mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu akanipa vipimo vya bafu."

Manizhe alicheka. Hakutaka kucheka, hasira zilimjaa mpaka kooni, lakini alicheka mpaka binti wa mapokezi akageuka kutazama. Kumbe ndiyo maana ya kudokeza kule. Yeye anakonda kwa kukosa usingizi na Profesa anaoga katika rangi ya feruzi. Kisha alimweleza Haji kila kitu: muhula wa mwisho, mtahini wa Tehran, jina litakalofutwa. Alieleza kwa maneno machache na makavu, kama anayesoma maelekezo ya dawa, na Haji alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Laiti mngejua," Haji alisema. "Mimi sijui hata zinawashwaje. Mke wangu kila siku ananiuliza, mzee mzima unafanya nini na vidude vya watoto. Nilizichukua nisimvunje moyo, naye akazitoa nisimwone mchoyo. Wajinga wawili." Alisimama akachukua ufunguo kiunoni. "Hakuna mtu aliyewahi kunijia na maneno yaliyonyooka kama yako. Nimejifunza leo. Kuanzia sasa mtu akiniambia ndiyo, ni ndiyo. Akiniambia hapana, ni hapana. Sitahangaika tena kutafuta kilichojificha nyuma yake."

Alifungua kioo. Alizitoa roboti zote akazipanga katika boksi, akaliweka boksi mezani mbele ya Manizhe. Kisha akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, mzee mwenye mvi, mwenye kiwanda, mbele ya binti wa muuza vitamu.

"Chukua, binti yangu. Ni zako."

Na Manizhe Kashigar akasema, "Hapana, Haji, haiwezekani. Zimependeza hapo. Nisije nikakuharibia kabati lako."

Hakuna aliyemlazimisha. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti tamu aliyokuwa akiwasikia nayo shangazi zake na kuicheka. Miaka yote ile ya kujiona yeye si kama sisi, na kumbe taarofu ilikuwa imekaa ndani ya mdomo wake inangojea mtu mmoja tu wa kumwinamia kichwa.

Haji alimtazama. Kisha alilivuta boksi kwake, akazirudisha roboti kabatini moja moja, akafunga kioo na kuuzungusha ufunguo.

"Sawa," alisema. "Zikae."

"Haji..."

"Umesema hapana."

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa nini? Ulikuwa unataarofu?"

Binti wa mapokezi aliacha kuandika. Manizhe aliona uso unamwaka chini ya ushungi.

"Ulitegemea nikusisitize," Haji alisema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoumiza. "Mara ngapi? Niambie mapema nijue kazi iliyo mbele yangu. Na mimi nina wazazi wa kuwaapia."

Manizhe alifungua mdomo. Ulikuja na "kama haitakuwa usumbufu", akayameza maneno hayo. Ukaja na "wewe ndiye mwenye kuamua, Haji", akayameza pia. Kila sentensi iliyomjia ilikuwa na mlango wa nyuma wa kukimbilia. Aliyajaribu yote aliyonayo, yule mtaalamu wa kusema wazi, akaona hana hata neno moja lililonyooka pale ambapo anahitaji kweli. Kumwambia mama wa mposaji ajitilie sukari mwenyewe ilikuwa rahisi, kwa sababu hakumhitaji mwanawe. Kumsema Profesa ilikuwa rahisi, kwa sababu Profesa ni Profesa. Kuomba kitu anachokitaka kwa roho yake yote, mbele ya mtu anayeweza kukataa, hakuwahi kufanya hata siku moja maishani.

"Nipe," alisema.

"Nikupe nini?"

"Roboti. Nazitaka." Machozi yalimtoka, jambo lililomkera kuliko yote. "Nimekuja kuzichukua. Nikiondoka bila hizo nimekwisha. Sitaki unisisitize. Nipe tu."

Haji hakumpa pole wala kitambaa. Alimpa ufunguo.

"Fungua mwenyewe," alisema, akaketi, na sasa ndipo akainywa chai yake, iliyokwisha poa.

Mtihani ulifanyika siku yake. Roboti zilipita mlangoni na kurudi, mtahini wa Tehran aliinama mezani miwani ikimteleza puani, akaweka kiganja chake mlangoni ili kuzivuruga, na zikajipanga upya bila kelele. Manizhe alipewa udaktari. Profesa Foruhari alisimama kutoa neno, akaueleza umma kwamba kwa makusudi kabisa alikuwa amezikopesha roboti kiwandani kwa muda, ili kuunganisha elimu na viwanda. Watu walipiga makofi. Haji Nematollah, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alimuuliza tu kama vigae vya bafu vimeshika vizuri. Profesa alijibu kwamba si kitu mbele yake, vimeshika, na akakaa.

Ufadhili wa maabara mpya haujasikika tena. Manizhe ni mwalimu sasa kwenye idara ile ile, ofisi yake inapakana na ya Profesa, na wanafunzi wanamwogopa. Kila mwaka anawasimulia wapya habari ya roboti zilizotolewa kwa taarofu. Anasimulia vizuri, kwa mdomo wake ule wa wembe: Profesa na marehemu aliye hai, simu ya kuulizia goti, vipimo vya bafu. Darasa zima hushika mbavu. Kwa kusikiliza utadhani aliingia kwa Haji, akasema neno moja, akatoka na boksi kwapani.

Lile la kusema hapana, na kabati kufungwa, na kulia mbele ya binti wa mapokezi, hulisimulia Haji. Humsimulia kila mnunuzi wa vigae, kwenye chai, na ile sauti tamu ya "haiwezekani, Haji" huiiga bila kukosea.